Mada tete nyingi si mafuta: namna ya kupima ubora, ukomavu na uwezo wa makaa ya mawe kuzalisha haidrokaboni

Swali la msomaji: "Tumechoronga na kupata matabaka kadhaa ya makaa ya mawe. Maabara imetupa majibu haya kwa makaa yaliyokaushwa kwa hewa: unyevu asilimia 6, majivu 18, mada tete 28, salfa 0.8, thamani ya joto megajuli 24 kwa kilo. Mwenzangu anasema mada tete kiasi hicho ni dalili kwamba makaa haya yanaweza kuwa mwamba mama wa mafuta au gesi. Je, ni kweli? Na tupime nini kingine ili tujue yamekomaa kiasi gani?"

Jibu: Hapana, mada tete (gesi na mvuke unaotoka makaa yakipashwa joto bila hewa) peke yake haithibitishi kwamba makaa ni mwamba mama, yaani mwamba ambao mafuta au gesi huzaliwa ndani yake. Unauliza mambo matatu, na kila moja lina vipimo vyake. La kwanza ni ubora, yaani makaa yanawaka vipi na yanaacha uchafu kiasi gani. La pili ni ukomavu: ardhi imeyapika kwa joto gani na kwa muda gani. La tatu ni asili yake, yaani ni sehemu zipi za mimea zilizozikwa, kwa kuwa mbao, majani, chavua na mwani havitoi kitu kimoja vinapopikwa. Uwezo wa kuzalisha mafuta au gesi unatokana na hilo la pili na la tatu kwa pamoja. Ripoti uliyonayo inajibu la kwanza vizuri, la pili nusunusu, na la tatu haijaligusa.

Hata hivyo usiitupe. Ina mengi, ila lazima kwanza uihamishe kwenye msingi mwingine wa hesabu. Hizo 28 zimegawanywa kwa uzito wote, ikiwemo maji na mawe yaliyomo ndani ya makaa. Ukitaka kulinganisha makaa ya tabaka moja na jingine, ondoa unyevu na majivu kwanza. Kwako inabaki 100 − 6 − 18 = 76, hivyo kila namba inazidishwa kwa 100/76, sawa na 1.316. Mada tete inakuwa asilimia 36.8 na thamani ya joto inakuwa megajuli 31.6 kwa kilo ya makaa makavu yasiyo na majivu. Kaboni thabiti, yaani kaboni inayobaki mada tete ikishatoka, haipimwi kwenye tanuri; ni masalio ya hesabu, 100 − 6 − 18 − 28 = 48. Kosa lolote kwenye vipimo vitatu vya mwanzo huishia kwenye namba hiyo, kwa hiyo usijenge hoja nzito juu yake.

Uliza pia vipimo vilifanyika kwa utaratibu gani. Chini ya viwango vya kimataifa vya ISO, mada tete hupimwa kwa kupasha sampuli joto la nyuzi 900 za Selsiasi kwa dakika 7 bila hewa, na majivu huchomwa kwa nyuzi 815. Viwango vya ASTM vya Marekani hutumia nyuzi 950 kwa mada tete na joto la chini zaidi kwa majivu, kwa kawaida 750. Ukichanganya majibu ya maabara mbili zinazofuata taratibu tofauti, unaweza kuona "mabadiliko" kati ya visima ambayo chanzo chake ni tanuri.

Kisha kuna tatizo la majivu yenyewe. Majivu si madini yaliyokuwamo kwenye makaa. Ni mabaki yake baada ya kuchomwa. Udongo wa mfinyanzi hupoteza maji yake, kaboneti hupoteza kaboni dioksidi, na pairiti (madini ya chuma na salfa) hugeuka oksidi ya chuma. Hayo maji na hiyo kaboni dioksidi huhesabiwa kama mada tete japo hayana uhusiano wowote na mafuta. Kukadiria madini halisi, tumia kanuni ya Parr: majivu mara 1.08, ongeza salfa mara 0.55. Kwako ni 19.4 + 0.4, karibu 19.9. Kwa majivu ya asilimia 18 tofauti ni ndogo. Kwa makaa yenye majivu 35 na mishipa ya kalisaiti (aina ya kaboneti), mada tete inaweza kupotosha kabisa, na makaa yaliyokomaa sana yakaonekana machanga.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutoamini mada tete kama kipimo cha ukomavu. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: makaa mawili yaliyopikwa kwa joto lilelile yanaweza kutofautiana kwa mada tete kwa sababu tu moja lina nta za majani na chavua nyingi na jingine lina mbao zilizoungua kwa moto wa msituni kabla ya kuzikwa. Mfumo wa ASTM unalijua hilo kwa sehemu, ndiyo maana hutumia mada tete kupanga daraja (ngazi ya ukomavu wa makaa) pale tu inaposhuka chini ya asilimia 31, kwa makaa makavu yasiyo na madini: 22 hadi 31 ni bituminasi yenye mada tete za wastani, 14 hadi 22 ni yenye mada tete chache, 8 hadi 14 ni nusu-anthrasaiti, na chini ya 8 ni anthrasaiti. Makaa yako yako juu ya 31, mahali ambapo daraja linatafutwa kwa thamani ya joto ya makaa yakiwa na unyevu wake wa asili ndani ya tabaka. Unyevu wako ni wa makaa yaliyokwisha kukaushwa kwa hewa, kwa hiyo hata hesabu hiyo haiwezi kukamilika. Kinachoweza kusemwa ni kwamba yanaelekea kuwa bituminasi yenye mada tete nyingi. Kusema zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Kipimo cha ukomavu kinachoaminika ni uakisi wa vitriniti. Vitriniti ni sehemu ya makaa iliyotokana na mbao na magome, na kadiri inavyopikwa ndivyo inavyorudisha mwanga mwingi zaidi chini ya hadubini. Badiliko hilo halirudi nyuma hata tabaka likipoa au kuinuliwa na ardhi. Chukua makaa yaliyopondwa hadi chembe zisizozidi milimita 1, yachanganye na gundi ya epoksi, yasage na kuyang'arisha hadi mikwaruzo itoweke, kisha yakaushe vizuri kabla ya kupima. Kipimo hufanyika kwa mwanga wa nanomita 546, ndani ya mafuta maalumu ya hadubini yenye kipeo cha mpindo 1.518, na kifaa husawazishwa kwa vito rejea ambavyo uakisi wake unajulikana. Chukua vipimo 100 kwa kila sampuli ya makaa. Vipimo 20 vinavyoletwa wakati mwingine kwa miamba yenye vipande vichache vya vitriniti haviwezi kuvumiliwa kwa makaa, kwa sababu vitriniti ipo tele.

Usikubali kupewa wastani peke yake. Dai chati ya mgawanyo wa vipimo vyote. Tabaka moja safi hutoa kilima kimoja chembamba, na mkengeuko wake sanifu kwa kawaida hauzidi asilimia 0.1 ya uakisi. Vilima viwili vyenye bonde katikati vinamaanisha makaa yamechanganyika, au chenga za uchorongaji zimeporomoka kutoka tabaka la juu, au kuna vipande vya vitriniti vya kale vilivyosombwa na maji na kuzikwa mara ya pili. Wastani wa vilima viwili hauwakilishi kitu chochote kilichomo ardhini.

Kwa mpangilio wa ISO 11760, uakisi chini ya asilimia 0.4 ni lignaiti, 0.4 hadi 0.5 ni daraja la chini ya bituminasi, 0.5 hadi 2.0 ni bituminasi, na kuanzia 2.0 ni anthrasaiti. Kwa upande wa mafuta na gesi mipaka haikatiki hivyo. Makaa huanza kutengeneza vimiminika karibu na 0.5 hadi 0.6. Lakini kutengeneza si kutoa, na hapa wengi hukosea. Makaa yana vinyweleo vidogo mno ambavyo hushika mafuta kama sifongo. Hadi yajae na kuanza kuyatema, uakisi mara nyingi umefika 0.7 hadi 0.9. Yasipojaa, mafuta hubaki ndani na joto likizidi huvunjika kuwa gesi. Ndiyo maana makaa mengi duniani yamekuwa chanzo cha gesi kuliko mafuta. Gesi ya Groningen, Uholanzi, iliyogunduliwa mwaka 1959, ilitoka kwenye makaa ya kipindi cha Kaboniferasi yaliyo chini ya mchanga unaoishikilia.

Uakisi nao una mitego. Makaa yaliyofunikwa na maji ya bahari muda mfupi baada ya kutengenezwa huwa na vitriniti yenye hidrojeni nyingi, na uakisi wake husoma chini ya ukomavu halisi kwa 0.1 hadi 0.2. Salfa ikizidi asilimia 1, hasa ikiambatana na pairiti nyingi ndogondogo, shuku bahari. Salfa yako ya 0.8 haishtui, lakini iangalie tabaka kwa tabaka kwa kuwa mara nyingi hurundikana sehemu ya juu ya tabaka. Mtego mwingine ni mawe ya volkano yaliyopenya: mwamba wa dolaraiti ukikatiza tabaka la makaa, uakisi hupanda ghafla mita chache tu kutoka mahali pa mgusano. Chora uakisi dhidi ya kina. Ukipanda polepole kadiri unavyoshuka, ni joto la kuzikwa. Ukiruka, tafuta mwamba moto.

Ukiwa bado kwenye hadubini, fanya kazi ya tatu hapohapo: hesabu maserali, yaani chembe za asili zinazounda makaa. Nukta 500 kwa kila sampuli zinatosha. Makundi ni matatu. Vitriniti umekwisha kuijua. Inetiniti ni mbao zilizoungua au kuoza kwa hewa. Ina kaboni nyingi na hidrojeni kidogo, na uwezo wake wa kutoa mafuta ni mdogo sana. Liptiniti ni chavua, ngozi za majani, utomvu na mwani, na humo ndimo hidrojeni ilimo. Kwa mwanga mweupe wa kawaida liptiniti ni nyeusi na rahisi kuipita, kwa hiyo lazima hesabu ifanyike pia kwa mwanga wa buluu au urujuanimno ambapo liptiniti hung'aa njano au rangi ya chungwa. Maabara isiyotumia mwanga huo itakupa liptiniti pungufu, na wewe utayadharau makaa yanayostahili kuangaliwa.

Liptiniti ya asilimia 15 hadi 20 na zaidi ndiyo kwa kawaida huanza kuleta matumaini ya mafuta. Makaa ya mwani ni jamii nyingine kabisa. Huko Uskoti mwaka 1850 James Young alipata hataza ya kutengeneza mafuta ya parafini kwa kupasha makaa joto polepole, na malighafi iliyompa mafanikio ilikuwa makaa ya Torbane Hill yaliyojaa mwani. Makaa ya kawaida ya mbao yasingempa mafuta kiasi hicho. Kumbuka tu kwamba uakisi ukifika karibu 1.3, liptiniti hupoteza mng'ao na kufanana na vitriniti. Baada ya hapo kuihesabu hakuna maana, na "liptiniti sifuri" si ushahidi kwamba haikuwapo.

Hatua inayofuata ni pairolisisi kwa mashine ya aina ya Rock-Eval, iliyobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1970. Sampuli hupashwa joto bila hewa: kwanza nyuzi 300 kwa dakika chache, zinatoka haidrokaboni zilizokwisha kutengenezwa, nazo huandikwa S1. Kisha joto hupanda nyuzi 25 kila dakika hadi 650, na zile ambazo makaa yangeweza kuzalisha bado hutoka kama S2. Joto ambalo S2 inafika kileleni huitwa Tmax. Kaboni dioksidi ya joto la chini ni S3. Ukigawanya S2 kwa jumla ya kaboni ya asili ya viumbe (TOC) na kuzidisha kwa 100, unapata fahirisi ya hidrojeni, HI.

Kosa la kawaida kabisa kwa makaa liko kwenye mizani. Miamba ya kawaida hupimwa kwa miligramu 60 hadi 100. Makaa yenye S2 ya miligramu 150 kwa gramu yakiwekwa kwa kiasi hicho hukizidi nguvu kitambuzi cha mwali (sehemu ya mashine inayopima haidrokaboni zinazotoka), kilele hukatwa, S2 hushuka na Tmax husogea. Agiza miligramu 5 hadi 15. Kwa uzito huo, kosa la nusu miligramu kwenye sampuli ya 10 ni asilimia 5, hivyo kila sampuli irudiwe mara mbili, na sampuli rejea ipimwe katikati ya kazi, si asubuhi tu.

Tuchukue mfano wa kubuni unaolingana na makaa ya daraja lako: TOC asilimia 62, S1 ni miligramu 4 kwa gramu, S2 ni 145, S3 ni 5, Tmax nyuzi 436. HI = 145/62 × 100 = 234. Uwiano wa uzalishaji, S1/(S1+S2), ni 4/149 = 0.03. Kwa usomaji wa kawaida wa miamba mama, HI ya 50 hadi 200 ni ya gesi, 200 hadi 300 ni gesi na mafuta, na zaidi ya 300 ni mafuta. Kwa hiyo makaa ya mfano huu yako ukingoni: yanaanza kukomaa, hayajatoa kitu cha maana, na yakizikwa zaidi yatatoa gesi pamoja na mafuta kiasi.

Lakini HI ya makaa haisomeki peke yake. Kwa mwamba wa mwani wa baharini, HI huanza juu na kushuka kadiri ukomavu unavyoongezeka. Kwa makaa, hupanda kwanza. Lignaiti hupoteza maji na kaboni dioksidi, oksijeni inaondoka, hidrojeni iliyobaki inakuwa na uzito mkubwa zaidi kwa kila gramu ya kaboni, na HI hufika kilele uakisi ukiwa takriban 0.6 hadi 0.9 kabla ya kuporomoka. Kwa hiyo HI ya 150 kwenye makaa ya uakisi 0.4 inaweza kuwa 220 yakikomaa, wakati HI ya 80 kwenye makaa yenye Tmax 480 ni mabaki ya uwezo wa zamani uliokwisha kutumika. Mwanzoni huenda ilikuwa 250. Kila HI uiandike na Tmax na uakisi wake kando, la sivyo haina tafsiri.

Vilevile usigeuze Tmax kuwa uakisi kwa kanuni uliyoikuta mahali. Ile inayotumika sana, uakisi = 0.0180 × Tmax − 7.16, ilitokana na mwamba wa Barnett huko Texas, ambao si makaa. Kwa Tmax 436 inakupa 0.69. Inaweza kuwa karibu, inaweza isiwe; hadubini ipo, tumia hadubini.

Kuna jambo jingine ambalo HI haisemi: si kila kinachotoka kwenye S2 ni mafuta. Vitriniti hutoa fenoli (kemikali zenye oksijeni) na kemikali nzito za kiaromatiki ambazo mashine huzihesabu sawa na haidrokaboni nyingine. Kwa matabaka mawili au matatu bora, lipia pairolisisi inayounganishwa na kromatografia ya gesi, ambayo hutenganisha kemikali zinazotoka na kuonyesha kila moja kama kilele chake. Ukiona safu ndefu ya minyororo iliyonyooka ya kaboni 15 hadi 30, hayo ni mafuta yenye nta. Ukiona vilele virefu vya fenoli na minyororo mifupi, ni gesi, hata kama HI ni 240.

Uchambuzi wa elementi (kaboni, hidrojeni, oksijeni, naitrojeni, salfa) ni njia ya bei nafuu ya kuhakiki yote haya, mradi ufanye hesabu sahihi. Chukulia ripoti inasema kaboni 61.0 na hidrojeni 4.9 kwa makaa yako yaliyokaushwa kwa hewa. Kama hidrojeni hiyo inajumuisha ile ya maji, ondoa unyevu mara 0.1119: 6 × 0.1119 = 0.67, inabaki 4.23. Zidisha zote kwa 1.316: hidrojeni 5.57, kaboni 80.3. Uwiano wa atomi ni (5.57/1.008) ÷ (80.3/12.011) = 0.83. Ukisahau kuondoa maji unapata 0.96. Makaa yenye uwezo wa mafuta mara nyingi huwa na uwiano wa 0.9 kwenda juu, kwa hiyo kosa hilo moja linageuza makaa ya gesi kuwa ya mafuta kwenye karatasi. Uliza maabara waziwazi: hidrojeni hii ina ya maji au haina? Oksijeni nayo karibu daima hupatikana kwa kutoa, ikibeba makosa ya wenzake wote. Kwenye mchoro wa van Krevelen, unaolinganisha uwiano wa hidrojeni kwa kaboni na ule wa oksijeni kwa kaboni, itazame kwa tahadhari.

Yote haya yanaharibika kama sampuli imeharibika, na makaa huharibika haraka. Hewa huyala. Makaa yaliyooksidishwa hupoteza hidrojeni, HI hushuka, S3 hupanda, Tmax husogea juu, na uwezo wa kuvimba wakati wa kukokwa hupotea. Sampuli ya juu ya ardhi inayobomoka mkononi, yenye kutu ya manjano kwenye nyufa, haifai kwa swali lako. Kore, yaani mche wa mwamba unaotolewa mzima kisimani, ipakiwe kwenye mifuko inayobana siku ileile, iwekwe mbali na jua, na isikaushwe kwa joto linalozidi nyuzi 40. Igawanye kwa matabaka madogo, yanayong'aa kando na yaliyofifia, na safu za udongo kando. Liptiniti hujificha mara nyingi kwenye sehemu zilizofifia, na ukizichanganya na zinazong'aa unaizika ndani ya wastani. Nusu kilo hadi kilo moja kwa kila tabaka dogo inatosha vipimo vyote. Kama una chenga tu badala ya kore, pata orodha ya kemikali zilizowekwa kwenye tope la kuchorongea: dizeli hupandisha S1, na lignaiti au lami zilizosagwa zinaweza kuonekana kama makaa halisi.

Mpangilio ninaoushauri kwa bajeti ya kawaida ni huu. Anza na Rock-Eval na TOC kwa kila tabaka dogo, kwa kuwa ni haraka. Chagua theluthi moja inayowakilisha kina na sura zote, ipeleke hadubini kwa uakisi na maserali. Elementi zifanyike kwa hizohizo za hadubini, kromatografia kwa chache zilizobaki na matumaini. Vipimo vya ubora wa kuchoma, kama joto la kuyeyuka majivu au uwezo wa kusagika, havisaidii swali la mwamba mama. Viagize tu kama kuna mnunuzi wa makaa yenyewe.

Majibu yakishapatikana, usiishie kwenye neno "nzuri" au "duni". Kadiria wingi. Kwa mfano uleule, tabaka la jumla ya mita 10, msongamano tani 1.35 kwa mita ya ujazo, S1+S2 ya kilo 149 kwa tani: 10 × 1.35 × 149 ÷ 1000 ni karibu tani 2 za haidrokaboni kwa kila mita ya mraba. Hicho ni kiasi ambacho makaa yangeweza kutoa yakipikwa hadi mwisho. Kwa uakisi wa 0.6, sehemu kubwa sana ya tani hizo bado imo ndani ya makaa, na swali linahama kutoka maabara kwenda kwenye ramani: je, tabaka hilihili linashuka upande wowote wa bonde hadi kina ambako limepikwa vya kutosha?

Na kama lengo lenu ni gesi iliyomo ndani ya makaa yenyewe, kipimo ni kingine: kore huingizwa kwenye mkebe usiopitisha hewa mara inapofika juu, gesi inayotoka hupimwa kwa siku au wiki kadhaa, na ile iliyopotea njiani hukadiriwa kwa kurudisha mstari wa saa za mwanzo. Makaa yakifikia anthrasaiti huwa yametengeneza zaidi ya mita za ujazo 100 za methani kwa tani, lakini zinazobaki ndani kwa kawaida hazifiki 30. Kipimo hicho hakiwezi kufanyika kwa kore iliyokwisha kukaa ghalani, hivyo kiamueni kabla ya kisima kinachofuata.